Fulana ya Jirani Mgonjwa

Kasha la gitaa lilikuwa wazi juu ya meza, na ndani yake hamkuwa na gitaa. Mwizi alikuwa ameacha mkanda wa begani tu, tena ameukunja vizuri na kuuweka pembeni.

Inspekta aliutazama mkanda ule, akashusha pumzi ndefu. Ilikuwa siku yake ya mapumziko. Nyumbani alikuwa ameacha sahani mezani, mke amenuna, na bomba la jikoni linalovuja ambalo ameahidi kulitengeneza tangu mwezi uliopita.

"Nimechunguza mauaji," alisema, bila kumwambia mtu yeyote hasa. "Nimechunguza benki iliyotobolewa ukuta. Leo nimeitwa kutafuta gitaa."

"Limeota mbawa, afande," konstebo alisema. Alikuwa amepiga magoti, anapaka unga wa kuchukulia alama za vidole kwenye kitasa.

"Hilo nimeliona. Mlango je?"

"Haukuvunjwa. Mwizi kaingia kwa ufunguo."

Inspekta asingekuja kabisa kama si mkuu wa kituo. Mkuu alikuwa amempigia simu kwa sauti ya upole, na mkuu akiwa mpole ujue ana lake. Mwandaaji wa tamasha kubwa la uwanjani alikuwa shemeji yake. Shemeji amekuja mjini kwa siku moja tu kusikiliza bendi, na bendi imeibiwa. Kazi ndogo, mkuu alisema, ya dakika chache.

Ukumbi wenyewe ulikuwa chini ya duka la samani. Unashuka ngazi zinazonuka vanishi, unaingia chumba kilichopakwa rangi nyeusi hadi darini, kuta zimepigiliwa trei za mayai ili kelele zisipande juu. Kelele zilipanda hivyo hivyo. Kila wiki bendi za roki ambazo hazijawahi kusikika redioni zilikuja kupiga hapo, na watu wanaojivunia kwamba bendi zao hazijawahi kusikika redioni walikuja kuzisikiliza. Inspekta alikuwa hajapata kuona kundi la watu linaloringia umaskini wa wenzao namna ile.

Mlalamikaji alikaa juu ya spika, kichwa amenyoa, macho mekundu. Ndiye mwimbaji. Wote walimwita Mashoto.

"Jina la bendi?"

"Jirani Mgonjwa."

"Na nyinyi ndio mliomwuguza?"

Hakuna aliyecheka. Inspekta akaandika.

"Mara ya mwisho kuliona gitaa?"

"Mchana. Tulijaribu sauti, tukafunga, tukatoka kula. Tumerudi, kasha tupu."

"Funguo ziko kwa nani?"

"Moja ninayo mimi. Nyingine inaning'inia dukani juu, nyuma ya kaunta. Kila mtu anajua."

"Vizuri sana," Inspekta alisema, maana yake si vizuri hata kidogo. Akaelekeza kalamu kwenye gitaa jekundu lililoegemea ukutani, linang'aa kama gari jipya. "Na hilo? Si ulipigie hilo, sote twende nyumbani?"

Mpiga ngoma, jamaa mnene mwenye vijiti viwili mfukoni, alitoa macho utafikiri ametukaniwa mama yake. Mashoto aliinua mkono wake wa kushoto, akauonyesha.

"Napiga kwa huu. Magitaa yote ya humu ni ya mkono wa kulia. Nikishika hilo, afande, ni sawa na wewe uandike maelezo yangu kwa mguu."

"Nyuzi hazigeuzwi?"

"Zinageuzwa na fundi, kwa siku mbili tatu. Na fundi wangu amekufa. Baba alikuwa seremala. Alinichongea kwa ubao wa kitanda chake mwenyewe, akasema nikipanda jukwaa kubwa atakuja akiwa amevaa suti. Hakuwahi. Leo ndiyo siku yenyewe, afande. Yule mwandaaji anachagua bendi moja, na akiondoka jioni hii hatarudi. Tumepiga humu chini mpaka trei za mayai zinatujua kwa majina."

Inspekta alifunga daftari. Alirudi kwenye kasha. Hasira yake ilikuwa imebadilika kidogo. Mwanzo alikasirika kwa kuletwa. Sasa alianza kumkasirikia mwizi.

"Konstebo. Mwizi anaingia chumbani. Kuna gitaa jekundu la dukani, mtu yeyote atalinunua. Kuna gitaa la ubao wa kitanda ambalo halishikiki ila na mtu mmoja. Anachukua la kitanda."

"Mwizi mjinga, afande."

"Mwizi mjinga hakunji mkanda. Huyu hataki kuuza. Anataka Mashoto asipige leo."

Basi wakaanza na maadui. Mpiga besi wa zamani, aliyefukuzwa kwa kuchelewa, alikuwa tanuruni kwenye kiwanda cha mikate tangu asubuhi na wenzake wote walikuwa wakimwona. Mwenye duka, mzee mfupi mwenye tepu ya kupimia shingoni, alikiri kwamba anaichukia bendi hiyo kwa moyo wake wote.

"Wakipiga, vioo vya makabati yangu vinatetemeka! Juzi mteja alidhani ni tetemeko, akakimbia na kiti changu!"

"Kwa hiyo ungependa wasipige leo."

"Leo? Leo nawaombea dua wachaguliwe! Wakichaguliwa watahama!"

Inspekta alifuta jina lake. Kichwa kilikuwa kimeanza kumgonga. Simu ikalia, mkuu anauliza vipi, shemeji yuko hotelini anavaa viatu.

Kwenye ngazi mashabiki walikuwa wameshaanza kujipanga, vijana kwa watu wazima, wamevaa fulana nyeusi zenye majina ya bendi. Inspekta alizisoma moja moja. Viatu vya Mgeni. Shangazi Hapokei. Mvua ya Plastiki. Hakuna ya Jirani Mgonjwa hata moja.

"Mmekuja kusikiliza Jirani Mgonjwa?"

"Ndiyo."

"Mnawapenda?"

"Sana."

"Mbona hakuna aliyevaa fulana yao?"

Walitazamana kwa huruma. Mwanamke mmoja mwenye miwani, mwalimu wa hesabu kwa kazi yake, alijitolea kumwelimisha.

"Afande, fulana ya bendi haivaliwi siku bendi hiyo inapiga. Siku nyingine zote unavaa. Siku yao, unavaa ya wengine."

"Kwa nini?"

"Ni ushamba. Ni kama kwenda harusini umevaa picha ya bwana harusi kifuani."

"Nani kawatungia sheria hiyo?"

"Mgunduzi," walijibu pamoja.

Mgunduzi, ilielezwa, ndiye muuzaji wa duka la samani hapo juu. Hakuna bendi nzuri mjini ambayo hakuisikia kabla ya watu wote. Akisikia kuna watoto wanapiga gitaa kwenye gereji, anapanda basi anakwenda. Jirani Mgonjwa aliwapata wakifanya mazoezi kwenye banda la kuku, akawaombea ukumbi huu kwa tajiri yake. Na kwa fulana hana mchezo. Mwaka jana alimtoa mtu nje, mbele za watu, kwa kuvaa fulana ya bendi iliyokuwa jukwaani.

"Twende kwa huyo Mgunduzi," Inspekta alisema.

Walimkuta kati ya vitanda, anafuta vumbi kwenye meza isiyo na vumbi. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, amefunga zipu ya koti hadi kidevuni. Dukani hamkuwa na feni, na jasho lilikuwa linamtiririka.

"Umesikia habari?"

"Nimesikia. Inasikitisha mno."

"Unaijua bendi hii vizuri?"

"Naijua?" Mgunduzi alitabasamu kwa uchungu. "Nilikuwepo siku wanapiga na msikilizaji ni mimi na kuku. Sasa kila mtu anawajua. Bendi ikishafika uwanjani, afande, imekwisha. Utasikia nyimbo zao kwenye matangazo ya sabuni."

"Mchana ulikuwa wapi?"

"Hapahapa."

"Ufunguo wa akiba unaning'inia hapa nyuma yako."

"Kila mtu anajua ulipo."

"Nimeambiwa." Inspekta alijipepea kwa daftari. "Joto lote hili, koti la nini?"

"Sheria ya duka."

"Sheria gani?" mwenye duka aliropoka kutoka kwenye kochi. "Tangu lini? Nimekuwa nikikubembeleza uvae shati la heshima, unaniletea fulana zako zenye mafuvu!"

"Fungua zipu," Inspekta alisema.

"Afande, nina kikohozi."

"Fungua."

Zipu ilishuka polepole. Chini yake palikuwa na fulana iliyopauka kwa kufuliwa, na mchoro wa mtu amelala kitandani, kitambaa kichwani. Juu yake: Jirani Mgonjwa.

Mlangoni, ambako mashabiki walikuwa wamejazana kuchungulia, mwalimu wa hesabu alishika mdomo. "Mgunduzi! Leo?"

"Umeivaa saa ngapi?" Inspekta aliuliza, kwa sauti ya chini sasa.

"Asubuhi. Nilivaa tu, gizani, sikuangalia."

"Hukuangalia. Wewe, uliyemtoa mwenzako nje kwa ajili ya fulana." Akasogea karibu. "Gitaa limeibwa mchana. Asubuhi mji mzima ulijua kwamba Jirani Mgonjwa wanapiga leo. Ni mtu mmoja tu aliyejua kwamba hawapigi. Huyo aliamka, akavaa fulana yao kama siku yoyote ya kawaida. Kisha akawaona wenzake kwenye ngazi, akakumbuka, akafunga zipu. Liko wapi?"

Mgunduzi alitazama sakafu. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha watu wawili, bei yake ikining'inia kando ya sikio lake.

"Kwenye kabati. Lile la milango mitatu, lenye kibandiko cha 'Limeuzwa'. Mwenyewe anakuja kulichukua wiki ijayo."

Mwenye duka aliruka kutoka kwenye kochi. "Kaja leo! Wanalipakia huko nyuma!"

Inspekta hakuwa amekimbia tangu kozi ya mwisho ya kupandishwa cheo, lakini alikimbia. Konstebo alimpita mlangoni. Uani wachukuzi wawili walikuwa wameliinua kabati hadi ukingo wa gari la mizigo. Wa mbele aliteleza kidogo, kabati likainama, na kutoka ndani ikatoka sauti moja nzito, ya nyuzi zote kwa pamoja, ikavuma uani kote.

Wachukuzi walilitua, wakaingia mitini. Iliwachukua muda kuamini kwamba halina jini.

Mashoto ndiye aliyefungua mlango. Alilitoa gitaa, akalipapasa mbele na nyuma, akalikumbatia, akalia waziwazi bila kumjali mtu.

Mgunduzi aliletwa uani, pingu mkononi.

"Ningelirudisha," alisema. "Ningesema nimeliokota. Nilitaka yule mtu aondoke tu."

"Kwa nini?" Mashoto aliuliza. "Wewe ndiye uliyetutoa kwenye banda la kuku."

"Ndiyo maana! Bendi zote nilizozipata zimeondoka. Viatu vya Mgeni wamenipita barabarani wiki iliyopita, hawakunijua. Nikajiambia hii hainitoki. Kila ukishuka jukwaani unakuja moja kwa moja kwangu, unaniuliza, 'Umeonaje?' Uwanjani, katika watu elfu, ungeniona wapi? Ungeniuliza saa ngapi?"

Mashoto alijifuta uso kwa mkono wa kushoto.

"Nilikuwa nakuuliza kwa sababu wewe peke yako ulikuwa huniongopei," alisema. "Sasa nitamuuliza nani?"

Mgunduzi alianza kulia kimya kimya, na Inspekta, aliyekuwa ameandaa maneno makali tangu mchana, aliyameza yote.

Konstebo alikohoa. Alikuwa ameshika mfuko mkubwa wa nailoni. "Afande, kielelezo. Utaratibu unasema tulifunge, tulipeleke kituoni."

Mashoto alilishika gitaa kwa nguvu zaidi. Inspekta alifumba macho. Siku nzima watu walikuwa wakimletea sheria: za fulana, za makoti, na sasa hii.

"Andika," alisema hatimaye. "Kielelezo kitafanyiwa majaribio ya sauti katika eneo la tukio, chini ya uangalizi wa afisa mpelelezi. Kisha kitachukuliwa picha na kurudishwa kwa mwenyewe. Wewe mpeleke mshukiwa kituoni."

"Na wewe, afande?"

"Si nimesema uangalizi?"

Alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, mikono amefumbata, ameshajiandaa kuchukia. Shemeji wa mkuu alikaa mbele na viatu vyake vinavyometa. Mashoto alifunga macho na kuanza peke yake, mkono wa kushoto ukishuka juu ya ubao wa kitanda cha baba yake, kisha ngoma zikaingia, na Inspekta akahisi sakafu ikimpanda miguuni mpaka kifuani. Wimbo wa kwanza ulipokwisha, mikono haikuwa imefumbatwa tena. Ulipokwisha wa tatu alikuwa amesahau bomba la jikoni. Bendi ilichaguliwa jioni ileile, na hakushangaa. Alichoshangaa ni kwamba, waliposhangilia wote, yeye aliona wivu.

Siku iliyofuata konstebo aliingia ofisini na jalada. Joto lilikuwa kali, dirisha lilikuwa limekwama tangu enzi.

"Afande, hao Jirani Mgonjwa, ni wazuri kweli? Mume wangu anapenda muziki. Nataka nimpeleke kabla hawajawa wakubwa."

Inspekta alijifanya kutafuta kalamu.

"Makelele tu," alisema. "Msijisumbue."

Konstebo alimtazama, akatazama jasho lililokuwa likimshuka kwenye paji la uso, akatazama zipu iliyofungwa hadi kidevuni.

"Joto lote hili, afande," alisema taratibu, "koti la nini?"