Anwani Moja kwa Mistari Sita

"Nungu, una dakika kumi."

Sauti ya Mkuu ilikwaruza kwenye kidude cha sikioni. Nungu alikuwa juu ya ngazi, amevaa ovaroli, anajifanya fundi wa kiyoyozi. Karani alipotoka kwenda kunywa chai, alishuka kama paka.

Kompyuta ilikuwa wazi.

Kwa nje, hii ilikuwa kampuni ya kusambaza vifurushi. Kwa ndani, magendo ya silaha. Saa nne kamili faili la leo lingejituma lenyewe kwenye simu za madereva. Lilikuwa na maelfu ya wateja wa kweli, na katikati yao mashahidi wa kesi dhidi ya kampuni hiyo, kila mmoja kwa alama ya K7. Madereva wa K7 hawakubeba vifurushi.

Walibeba bastola.

"Futa mistari yao," Mkuu alisema.

"Ikipungua hata mmoja watashtuka. Na hao wauaji tunawataka."

Alilifungua faili kwenye kihariri, akaandika K7 kwenye kichujio. Mistari mingine ikajificha. Lakini iliyobaki ilikuwa mingi mno. K70, K71, K78: watu wasio na habari, wanaosubiri viatu na vitabu vyao. Akaongeza nafasi tupu baada ya saba.

Ikabaki mistari sita.

Hakuwa na haja ya kuisoma. Aliisoma. Walioandika walikuwa makini, hata nani anaishi na nani walijua. Mwalimu, mke na mapacha. Nesi na mama yake. Bawabu na wajukuu.

"Nipe anwani ya kuwapeleka," alinong'ona.

"Tunatafuta nyumba isiyo na watu. Subiri."

Viatu viligonga koridoni.

Nungu hakusubiri. Aliandika anwani mara moja, kihariri kikaiweka kwenye mistari yote sita kwa mpigo. Akahifadhi. Akaondoa kichujio, na wateja wengine wakarudi, kila mmoja na kwake.

Karani alimkuta juu ya ngazi.

"Bado tu, fundi?"

"Tayari, dada. Lilikuwa vumbi."

Barabarani, aligusa sikio.

"Mkuu, tuma vijana kwangu."

"Kwako wapi?"

"Ninapolala."

Mkuu akaanza kuwaita vijana.

Alizunguka mitaa, bastola ya Beretta ikimlemea ubavuni, bila mtu wa kumsalimia. Jua lilikuwa utosini Mkuu aliporudi hewani.

"Tumewanasa wauaji wote sita. Mlango wako wameuvunja."

"Mashahidi?"

"Wazima. Hata hawajui." Mkuu akashusha sauti. "Vijana walitaka kujipikia chai kwako. Wanasema wamekuta kikombe kimoja tu."

"Kinanitosha."

"Leo njoo ulale kwetu, ndugu yangu. Shemeji yako atafurahi."

Nungu alisimama kidogo. Mbele yake baba mmoja alikuwa akimfunga mwanawe kamba za viatu.

"Nishukurie shemeji. Siku nyingine."

Alichomoa kidude sikioni, akakitia mfukoni, akaenda zake kutafuta duka la vitasa.