Nambari ya Mama Mapacha

Kila akitoka shule, Mjuaji hupitia zahanati ya shangazi yake, mkunga, akafagia na kupanga kadi za wajawazito. Jina hilo la utani alipewa na shangazi mwenyewe, maana hakuna mashine ambayo msichana huyo hakuigusa.

Wiki iliyopita aliweka kwenye kompyuta ya zahanati programu ya bure ya kuhifadhi majina na nambari za simu. Ukibofya jina, inapiga yenyewe kwa mtandao. Alinakili daftari lote la shangazi. Mwishoni programu ikauliza kama majina yanayofanana yaunganishwe. Mjuaji na haraka zake, akabofya ndiyo bila kusoma.

"Umelinganisha na daftari, jina kwa jina?" shangazi aliuliza.

"Yote, shangazi."

Hakulinganisha hata moja.

Leo majibu ya maabara yalipofika, shangazi alibadilika uso. "Damu ya Mama Mapacha imepungua mno! Aende hospitali kubwa sasa hivi. Mpigie."

Mjuaji akabofya. Sauti ya bibi kizee ikaitika. "Mimba? Mimi? Mjukuu wangu, mapacha wangu wameshaoa!" Akaangua kicheko, akakata simu.

Shangazi hakucheka. "Huyo ni yule anayetufulia mashuka. Namtaka mke wa seremala, aliyekwenda na mumewe kujifungulia kwao."

Mjuaji alitafuta. Mama Mapacha alikuwa mmoja tu.

"Basi ni mimi niliyesahau kumwandika," shangazi alisema, akajishika kichwa.

Mjuaji angenyamaza, lawama ingempita. Lakini hakuweza kumwacha shangazi ajilaumu bure. "Ulimwandika. Programu iliwaunganisha, nami sikulinganisha kitu. Nilikudanganya, shangazi."

"Daftari nililiacha nyumbani," shangazi akasema.

"Kabatini?"

"Ndiyo. Kimbia!"

Alikimbia hadi kandambili moja ikabaki njiani. Aliporudi anahema, shangazi alipiga nambari kwa mkono wake. Mke wa seremala akaitika.

Kabla ya jua kuzama, seremala alipiga simu kusema mkewe ameongezewa damu na hali yake ni nzuri. Mjuaji akalia.

"Kubofya vibaya ningekusamehe papo hapo," shangazi alimwambia. "Lakini uliposema umelinganisha, nilikuamini, nikaacha daftari nyumbani. Mwanangu, kuna mtu alikuwa ameweka uhai wake juu ya neno lako, na wala hakujua."

Akamsogezea daftari. "Haya, tuanze upya. Soma, nisikie."

Mjuaji akafuta machozi, akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma polepole.