Pamba ya Panya Wazee

Saa moja na nusu asubuhi, Jumatatu, mlezi wa panya alifungua chumba cha maabara, baridi ikampiga usoni. Kiyoyozi kilikuwa kimeshushwa hadi nyuzi sita. Kizimba cha panya wazee, wote sita wamekufa. Kizimba cha vijana, wote wazima.

Saa mbili mpelelezi alikuwa ameketi mbele yake.

"Mama, funguo ziko ngapi?"

"Tatu. Wangu, wa mlinzi, wa Daktari mwenye utafiti."

Mlinzi aliondolewa mapema. Wikendi nzima alikuwa harusini kwa dada yake, picha zipo, tena ni pande la mtu ambalo likiona panya linapanda kiti. Basi lawama zikamwangukia mama. Alibakiza miezi miwili astaafu, na Daktari alishaandika barua ya kumfukuza.

"Ulikiacha kiyoyozi nyuzi ngapi?"

"Ishirini na sita, mwanangu. Kijana akipata baridi, mwili wenyewe unabana mishipa, moyo unakaza mwendo, anapata joto. Mzee, mwili umesahau hiyo kazi. Ijumaa jioni, Daktari ameshaondoka, niliwagusa, wa baridi. Nikawawekea pamba. Sikumwambia mtu, maana hataki vipimo vyake viguswe."

"Na pamba iko wapi?"

"Hicho ndicho kinanishangaza. Sikuikuta."

Mpelelezi aliandika, akamwomba asimwambie mtu habari ya pamba. Kisha akamwita Daktari.

"Mara ya mwisho kuingia mle?"

"Ijumaa, saa tisa mchana. Afande, huyu bibi ni mzembe tu. Unamwekea panya mzee pamba, halafu unashusha kiyoyozi? Baridi ndiyo imewaua."

"Ripoti yako inasema dawa yako imewarudishia ujana. Walilala kwenye nyuzi nne usiku kucha, moyo haukuyumba. Leo nyuzi sita zimewauaje?"

Daktari alipangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi.

"Pengine dawa iliisha nguvu."

"Haya. Na pamba uliijuaje? Kizimbani haimo. Aliiweka wewe umeshaondoka, na leo ameniambia mimi peke yangu."

Njia ya mwongo fupi. Askari waliikuta kwenye pipa la ofisi yake, imejaa manyoya meupe.

"Saa nne wanakuja wageni kuwapima panya wazee upya," Daktari alisema. "Dawa haifanyi kitu. Nilikuwa napima vijana, naandika wazee. Nikaona wakifa kwa uzembe wa mtu, hakuna atakayeuliza."

Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Miaka thelathini nimefanya kazi hapa. Ungeniacha nitoke kwa jina la mzembe?"

"Ulibakiza miezi miwili tu, mama. Nilidhani haitakuumiza sana."

"Na panya wazee nao walibakiza miwili tu ya kuishi," mama akasema, akaenda kuwawashia vijana joto.