Elfu Kumi Mia Nne na Tatu

Tangu mama yake azikwe, Pélagie ndiye aliyeamka wa kwanza nyumbani. Alichota maji, akatwanga pondu, yaani majani ya muhogo, akawaosha wadogo zake, ndipo akashika njia ya shule ya misheni. Ilikuwa mwaka 1956, huko Stanleyville, mji ambao wenyeji waliuita Kisangani. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na darasani hakuna aliyemshinda kwa hesabu.

Jumatatu Mwalimu Hilaire aliandika ubaoni: 10 403.

“Je, hii ni namba tasa, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe? Hata mimi sijui. Jaribuni namba tasa zote, moja moja, mpaka mfikie ile ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inaipita hii. Atakayepata, jina lake nitalipeleka kwa masista, akasomee ualimu.”

Pélagie alijaribu saba, kumi na moja, kumi na tatu. Kila mara kulikuwa na baki. Alipomaliza tisini na saba, mdogo wake alikuwa analia njaa. Ilibaki mia na moja tu. “Moja tu itabadilisha nini?” alijiambia, akafunga daftari.

Alhamisi alisimama. “Ni namba tasa, mwalimu. Nimejaribu zote.”

Rafiki yake Émilie, mwenye kigugumizi, akainua mkono. “Ina... inagawanyika.”

“Kwa ngapi?”

“Kwa mi... mi... mia...”

Wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu akakunja uso. “Mia? Namba inayoishia kwa tatu? Basi, unadanganya ili umpite mwenzako. Toka nje, upige magoti kwenye changarawe!”

Pélagie akalifungua daftari lake. Mia... mia na moja! Akazidisha chini ya dawati: mia na moja mara mia na tatu. Elfu kumi, mia nne na tatu. Akalifunga daftari tena. Aliwaza shule ya masista, akawaza jinsi mama alivyotamani awe mwalimu. Jua lilipanda. Dirishani aliona damu ikitiririka kwenye goti la Émilie.

“Mwalimu,” alisema huku akilia, “sikujaribu zote. Niliacha moja. Émilie amesema kweli.”

Mwalimu Hilaire alihesabu ubaoni, chaki ikakatika mkononi. Alitoka mwenyewe, akamwinua Émilie, akamwomba radhi mbele ya wote.

“Jina litakalokwenda ni la Émilie,” alisema. Kisha akamgeukia Pélagie. “Kuchoka si kosa, mwanangu. Ungesema, ‘Nimefika tisini na saba,’ hakuna ambaye angeumia. Lakini ulisema zote. Nami nikaamini sifa yako, nikaacha kuhesabu mwenyewe. Anayeaminiwa akidanganya, mwenye ukweli ndiye anayeadhibiwa.”

Pélagie alileta maji, akainama kuyaosha magoti ya rafiki yake. Émilie alitazama pembeni. Lakini mguu wake hakuuondoa.