Yowe la Shangazi

Wajuaji husema filamu ya kutisha ikirudiwa upya, ile ya zamani haidhuriki. Si iko palepale kabatini? Waende wakamwambie rafiki yangu, fundi wa sauti.

Mchana mmoja bosi alimtuma stoo akachukue mkanda wa filamu kongwe waliyokuwa wakiirudia. Mwigizaji wao mpya, pamoja na urembo wake wote, alishindwa kupiga yowe la kueleweka, basi wakataka kunakili lile la zamani. Lilikuwa la shangazi yake rafiki yangu, marehemu, ambaye kwa yowe lile hakuambulia kitu ila sifa.

"Bosi, hata jina lake hamtaliandika?"

"Ndugu yangu, nani anamkumbuka? Ya kale hayanuki. Nakili, tuendelee na kazi."

Akanakili. Angefanya nini, naye ana watoto? Kisha, roho ikimsuta, akazima taa na kuuwasha mkanda upya, amwangalie shangazi na kumwomba radhi. Projekta ikanguruma gizani. Mvua ya kwenye filamu ikasikika. Mlango ukalia. Hatua zikapanda ngazi, moja moja, kama alivyozijua tangu utotoni. Shangazi akageuka, akapanua mdomo.

Kimya. Mvua iliendelea kunyesha, tena kwa kishindo.

Siku zote picha hukatika hapo na kuhamia nje ya nyumba. Safari hii haikuhama. Shangazi alijishika koo, akameza mate, akajaribu tena.