Mama Anayesubiri Meli

Wifi yangu Raya si mtu wa pwani. Kwao ni Miono, kwenye mihogo na mananasi. Kaka yangu Ibrahimu alipomwoa akamleta kwenye nyumba ya ukoo wetu, kaskazini ya Bagamoyo, ilimchukua muda kuzoea mlio wa mawimbi. Mpaka leo hajui kuogelea, na maji yakimpita magoti hurudi nchi kavu.

Mambo yalianza asubuhi ya kawaida kabisa. Ibrahimu alikuwa kazini kwenye mashamba ya miwa ya Makurunge, ambako hulala wiki nzima. Raya alikuwa barazani na cherehani yake, anashona sare za shule. Ndani alikuwa bibi yetu mzaa baba, Bibi Chausiku, ambaye kwa uzee hatoki tena kitandani. Najma, binti wa Raya na Ibrahimu, wa miaka sita, alikuwa uani anacheza.

Punde Najma akatokea mlangoni amevaa gauni lake la Idi, viatu na soksi, na joto lote lile. Kabeba kifurushi cha kanga. Akakaa kizingitini, mikono juu ya mapaja, ametulia kama abiria wa Chalinze aliyeambiwa basi limechelewa.

"Mwanangu, safari ya wapi?" Raya akamuuliza huku anacheka.

"Tunasubiri meli."

"Wewe na nani?"

"Mimi na mama."

"Mbona mama mwenyewe hajaambiwa?"

Najma akageuka, akamtazama kwa adabu, kama mtoto anavyomtazama mtu asiyemjua.

"Siyo wewe," akasema.

Raya akadhani ni michezo ya watoto. Kesho yake ikawa vilevile: gauni, viatu, kifurushi. Raya akakifungua. Ndani mlikuwa na kikombe, kitana na mkate wa jana uliofungwa vizuri kwenye leso.

"Meli imejaa wanajeshi," Najma akamweleza taratibu. "Wanapanda wao kwanza. Tusipokuwa tayari watatuacha tena."

Raya akamshika amvue gauni. Pindo lilikuwa limelowa, na mtoto hakuwa ametoka nje ya ua tangu asubuhi. Raya akaligusa, akaonja kidole chake. Chumvi.

Ijumaa ile umeme ulikatika mapema, jua ndiyo kwanza linazama. Raya akawasha mshumaa chumbani kwa Bibi. Najma akaomba wa pili. Alipowashiwa akaisogeza yote miwili pamoja, akapitisha mikono juu ya miali, akafunika macho kwa viganja, akaanza kunong'ona. Hakikuwa Kiswahili. Hakikuwa Kiarabu cha madrasa.

Kutoka kitandani Bibi Chausiku akauliza kwa sauti ndogo, "Nani kamfundisha huyu?"

Bibi akageukia ukutani, akalia.

Raya akanipigia simu. Mimi naishi Bagamoyo mjini. Asubuhi nikachukua bodaboda nikafika. Nikamwamkia Bibi, akaitikia marahaba, kisha akatuambia mimi na wifi tufunge mlango, Najma abaki uani.

"Wakati wa vita vya Hitla nilikuwa mtoto," akasema. "Mashua ilitupwa hapa pwani. Ndani yake askari wa Kiingereza, na mama mmoja wa Kizungu na bintiye. Binti alikuwa Miriamu. Sisi tukimwita Mariamu. Baba alisoma skuli ya Mjerumani alipokuwa mdogo, kwa hiyo akielewana na yule mama."

"Walikuwa nani, Bibi?"

"Mayahudi. Hitla alikuwa akiwaua, wakakimbia kwao. Kila nchi waliyofika waliambiwa sogeeni mbele. Wakaishia bandari moja huko mashariki ya mbali. Adui alipokaribia, jeshi la Kiingereza likawa linahamisha watu wake kwa meli. Mama akawalilia askari mpaka akapewa nafasi sitahani, juu ya meli. Meli ikazamishwa na nyambizi. Wachache wakapona kwenye ile mashua, ikawaleta hapa."

Akavuta pumzi, akaendelea.

"Ikaja boti ya jeshi kuchukua askari. Ofisa akatazama hati za mama yule, ni za Kijerumani. Kwao walifukuzwa kwa kuwa ni Mayahudi. Huku wakakataliwa kwa kuwa ni Wajerumani. Akaambiwa asubiri, boti nyingine inakuja. Baba akawapa chumba hiki. Ijumaa mama akiwasha mishumaa hapo alipowasha Najma. Kila asubuhi akimvika mwanawe viatu, wanakwenda kukaa ufukweni na kifurushi chao."

"Boti ikaja?"

"Haikuja. Mariamu akapata homa, akafa. Baba akamzika pembeni ya makaburi yetu, akasema mtoto haulizwi dini. Lakini mama hakukubali. Aliliangalia kaburi akasema siye, Mariamu yuko ndani anavaa viatu. Siku moja maji yalikupwa mbali sana. Akatembea kuelekea kwenye meli aliyoiona peke yake. Hatukumpata."

Raya alikuwa amesimama. Alikuwa akisikiliza uani.

"Najma yuko kimya," akanong'ona.

Akafungua mlango. Uani hamna mtu. Kizingitini hamna mtu. Kifurushi hakipo.

Bibi akamwita kutoka kitandani. "Usimvute mtoto kwa nguvu. Mwambie yule mama alipo Mariamu. Akikufuata, usigeuke."

Mimi nilibaki na Bibi, kwa kuwa alikuwa amenishika mkono na hakutaka kuuachia. Haya yaliyofuata alinieleza Raya, mara moja tu, na sijamuomba arudie.

Lilikuwa bamvua, siku ambazo maji hutoka mbali sana. Bahari ilikuwa imekupwa mpaka mchanga ulionekana kama uwanja. Jua kali. Mbali kule maji yanapoanzia, Najma alikuwa anatembea. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeinuka juu, kama wa mtoto aliyeshikwa na mtu mrefu.

Raya akakimbia. Kwenye mchanga mlikuwa na nyayo za aina mbili. Za viatu vidogo. Na za miguu mitupu ya mtu mzima.

Maji yakamfika magotini. Hakurudi. Yakamfika kiunoni. Najma yalikuwa yamemfika kidevuni, anatazama mbele, anatabasamu.

Kando yake alisimama mwanamke.

Raya anasema hakuwa wa kutisha. Alikuwa amechoka. Koti zito, nywele zimeganda usoni. Midomo inacheza, anasema neno lilelile kwa mtu aliye juu, kama anayeomba. Mbele yake hapakuwa na kitu. Ila kivuli. Kivuli kikubwa cha meli kilichotanda juu ya maji, na jua liko wazi.

"Mama," Raya akasema. "Huyu ni Najma. Ni wangu."

Mwanamke hakusikia.

"Mariamu yuko kwetu."

Midomo ikasimama.

"Miriamu," Raya akasema tena. "Nitakupeleka."

Mkono wa Najma ukashuka. Raya akaudaka. Ulikuwa baridi kama samaki. Akageukia nchi kavu, akaanza kutembea.

Nyuma yake maji yalichuruzika. Hayakuacha kuchuruzika hata walipofika mchanga mkavu. Hata walipofika njiani. Kuku wakanyamaza. Mbuzi wa jirani akajibana ukutani.

Mzee Khamis, fundi baiskeli, alikuwa kibarazani pake anaziba tairi.

"Asalaam alaikum, mama Najma."

"Waalaikum salaam, shikamoo mzee."

"Marahaba." Akanyanyua macho, akatazama nyuma ya Raya. "Na mgeni wako kapatwa na nini, mbona kalowa hivyo?"

Raya akaubana mkono wa Najma. Hakugeuka. Alitembea.

Wakapita msikiti. Wakafika makaburini. Pembeni, chini ya vichaka, palikuwa na kaburi dogo lenye mawe mawili, la kichwani na la miguuni. Watoto wa ukoo wetu tulikuwa tukiliruka bila kujua ni la nani.

"Ndiye huyu," Raya akasema. "Tuwie radhi, mama. Meli haikuja."

Kuchuruzika kukakoma.

Raya alisimama pale mpaka kiganja cha Najma kikapata joto ndani ya chake.

"Mama," Najma akasema, "viatu vinanibana."

Akambeba mpaka nyumbani. Bibi Chausiku alipoisikia sauti ya mtoto akauachia mkono wangu, akalala. Najma hakukumbuka lolote, na hajavaa tena gauni lile.

Kesho yake Ibrahimu alirudi kutoka Makurunge. Akachukua panga, tukaenda naye kufyeka vichaka na kumsomea mtoto wa watu dua. Akafyeka kidogo, akasimama.

"Dada," akanong'ona. "Hili ndilo lile tulilokuwa tukiliruka?"

Jiwe la kichwani lilikuwa palepale. La miguuni lilikuwa mbali. Kaburi lilikuwa na urefu wa mtu mzima.

Ibrahimu akapiga magoti, akapapasa udongo. Haukuwa umechimbwa. Nyasi za kiangazi zilikuwa zimeshikana kutoka jiwe mpaka jiwe, na lile la miguuni lilikuwa limezama ardhini, mizizi mikavu imelizunguka pande zote kama jiwe lisilowahi kusogezwa.