Mchanga Mpya wa Bibi Harusi

Kila Jumamosi asubuhi, Kiherehere alimsaidia shangazi yake katika duka la ushonaji. Alifagia vipande vya vitambaa, akaokota pini kwa sumaku, kisha akalisha samaki. Jina la Kiherehere alipewa nyumbani, na hakuna aliyelipinga, kwani mtoto huyu alianza kazi ya pili kabla hajamaliza ya kwanza.

Samaki waliishi katika tangi la kioo karibu na mlango. Mkubwa wao, mwenye mkia mpana kama shela, aliitwa Bibi Harusi. Watoto wasumbufu walioletwa kupimwa nguo walikuwa wakimwona tu, wananyamaza.

Lakini siku hizo tangi lilinuka. Mabaki ya chakula yalizama kati ya changarawe kubwa yakaozea humo. Mteja mmoja aliuliza kama kuna mtu amesahau soksi zake dukani. Shangazi akaamua changarawe itoke, mchanga laini uingie.

Walihamishia samaki kwenye ndoo yenye maji yaleyale ya tangi. Shangazi alichota changarawe yote, lakini kidogo akaitia katika mfuko alioushona kwa kitambaa cha neti.

"Shangazi, hiyo mbona hatuitupi? Si ndiyo inayonuka?"

"Humu mna vijidudu vinavyokula uchafu wa samaki. Tukivitupa vyote kwa mkupuo, maji yatawadhuru. Mfuko utalala juu ya mchanga mpya mpaka vizaliane huko. Haya, nenda kaoshe mchanga kwa maji matupu mpaka yatoke safi. Sabuni usiiguse, inaua samaki!"

Uani, Kiherehere alimimina, akakoroga, akamwaga. Maji yalitoka kama chai ya maziwa. Akarudia, ikawa chai ileile. Nje ya ukuta wenzake walikuwa wakiruka kamba na kumwita. Mikono ikamuuma, macho yakaangukia sabuni ya unga. "Kidogo tu," alijiambia, "kisha nitasuuza." Povu likapanda, naye akasuuza juujuu.

"Umeosha vizuri?" Shangazi aliuliza.

"Vizuri kabisa!"

Wakatandaza mchanga, wakamimina sehemu ya maji ya zamani waliyoyahifadhi katika madumu. Shangazi akamchota Bibi Harusi kwa bakuli. Hapo Kiherehere akaona kipovu kimoja kwenye pembe ya kioo, kinang'aa rangi zote. Shangazi hakuwa amekiona. Akisema, ataaibika na kazi itaanza upya. Asiposema, Bibi Harusi atakufa.

"Shangazi, usimtie!" Sauti ilimtoka kwa kishindo hata bakuli likayumba. "Nimetia sabuni. Nimekudanganya."

Shangazi alimrudisha samaki ndooni taratibu. Akavuta pumzi ndefu, akakunja mikono ya gauni.

"Mwaga maji yote na mchanga wote. Bahati yetu, mchanga mwingine umebaki nusu gunia."

Walisugua tangi kwa maji matupu mpaka kioo kikalia chini ya vidole. Kisha wakaosha mchanga mwingine pamoja. Wenzake, walipochoka kungoja, walichungulia uani, na Shangazi hakuwaacha wasimame bure. Kila mmoja alipewa karai. Wakashindana nani maji yake yatakuwa safi kwanza, wakalowana, wakacheka, na mwishowe makarai yote yakaonyesha chini kabisa.

Mchanga ukatandazwa, maji yaliyobaki yakamiminwa, mfuko ukawekwa mahali pake. Bibi Harusi akaingia, akazunguka kwa maringo, akameza mchanga kidogo, kisha akautema.

"Anaonja kama una sabuni!" akasema Shangazi. Watoto wakaangua kicheko.

Wenzake walipoondoka, Kiherehere alibaki ameinamisha kichwa.

"Shangazi, mbona hukunigombeza?"

"Mwanangu, mimi fundi mzima, na bado naharibu mshono. Nikiuharibu, naufumua kabla mteja hajaivaa nguo. Inaumiza vidole na inanitia aibu, lakini nguo inapona. Leo ulidanganya, na ule uvivu wako ungeua samaki. Ila umefumua mapema. Siku zote ukikosea, sema wakati bado kuna cha kuokoa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Shangazi."

"Vizuri. Sasa kafute maji uani kabla mteja hajateleza, na ukimaliza niite nije nione mwenyewe."